Tembo Kifuani, Pimbi Kiunoni

Jumatatu, 3 Julai 1995

Kijivu. Kijivu tena! Tangu Januari sijashika rangi nyingine ila kijivu na bluu ya giza. Shule za binafsi zinafunguliwa kila kona ya Mwanza na kila moja inataka sweta – kwa joto hili la Pasiansi! Watoto wanalifunga kiunoni, lakini lazima walibebe. Sawa. Ndilo linaloniweka mjini tangu nilipopunguzwa kiwanda cha nguo.

Mchana, hodi. Mwanaume mrefu, kofia mkononi, kainama mlangoni kama anaogopa kugonga kichwa. Ni yule dereva anayeegesha lori kule barabarani. Jina lake Chenge, mtu wa Magu. Anapeleka mashudu ya pamba Arusha kwa kupitia Serengeti, anarudi na viazi na vitunguu vya Karatu. Anasema kule juu Ngorongoro usiku baridi inang'ata mpaka kwenye meno, na yeye analala ndani ya lori. Sweta lake limetoboka viwiko vyote.

Nimemwambia nina kijivu na bluu, achague. Akatazama rundo langu la kijivu. Akanitazama mimi.

"Mama Selina, huwezi kuniwekea wanyama?"

Wanyama gani?

"Wote ninaokutana nao. Simba, tembo, twiga, nyumbu, pundamilia."

Nimecheka kwa sauti. Mtu mzima na mvi zake! Nikamuuliza kwa nini. Akaizungusha kofia mkononi, akasema nyumbani kwake hakuna mtu tangu mkewe alipofariki. Akirudi safari hana wa kumsimulia alichokiona. "Basi bora nikivae."

Hapo sikucheka.

Sijasema ndiyo. Ila sweta lake bovu liko hapa mezani, ameniachia la kupimia. Linanuka dizeli na vitunguu.

Jumanne, 4 Julai

Kirumba kwa Truphosa. Huyu ndiye rafiki yangu wa tangu kiwandani, mashine zetu zilikuwa jirani. Tulipopunguzwa, mimi nilishika sindano, yeye akaenda kwenye mitumba. Sasa ana kibanda chake, na mdomo wake ule ule.

Bahati! Alikuwa amefungua belo la masweta ya Ulaya asubuhi hiyo hiyo. Mimi sweta lenyewe silitaki, nataka uzi uliomo ndani. Sufu halisi! Nimechimba mpaka mabega yakaniuma. Nimepata kahawia kama chai ya maziwa – simba huyo. Nyeusi ya pundamilia. Nyeupe yenye umanjano kidogo, kama maziwa mgando. Rangi ya chungwa iliyofifia kwa twiga. Na sweta moja la kike, njano kali, vifungo vya dhahabu.

Truphosa akauliza la nani. Nikasema mteja.

"Mteja gani anakufanya ulichekee sweta la njano peke yako?"

Sikuwa nacheka. Au nilikuwa nacheka?

Mchana kutwa nimefumua. Uzi unatoka umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa. Nimeufua, nimeuanika kwenye kamba, nimefunga chupa za maji chini ili unyooke. Selina amerudi kutoka zahanati na sare yake ya unesi, kasimama getini, kaangalia uwanja mzima umejaa rangi.

"Mama, tuna sherehe?"

Ijumaa, 7 Julai – Sabasaba

Sikukuu, Selina yuko nyumbani. Nimechukua daftari lake la zamani la hesabu, lenye miraba. Kila mraba ni kitanzi kimoja cha uzi. Ndivyo masista walivyotufundisha shuleni, ingawa wao walitufundisha misalaba na maua tu.

Msalaba ni rahisi. Twiga, hapana!

Twiga wangu wa kwanza alikuwa jembe lililosimama. Wa pili, Selina kamtazama muda mrefu, akaniuliza kwa upole huyu mbuzi amepatwa na nini. Tembo ni sufuria yenye mkia. Simba ana uso wa shemeji Nkwabi – kaka wa marehemu mume wangu Mhoja – akiwa amenuna! Selina alicheka mpaka akakaa chini.

Tatizo ni kwamba sijawaona. Nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa, mbuga iko hapo tu ukipita Lamadi, na mimi sijawahi kwenda. Kiboko namjua. Mamba namjua. Twiga namjua wa kwenye noti tu.

Selina kasema Jumapili baada ya misa twende kisiwani Saanane. Huko angalau kuna wanyama wawili watatu wa kutazama.

Jumapili, 9 Julai

Saanane! Mimi, Selina na Truphosa. Mtumbwi wa injini, upepo mtamu, ziwa limetulia. Truphosa ni Mluo wa Shirati, amekulia majini, lakini alinishika mkono njia nzima akidai kwamba ananishika ili mimi nisiogope.

Nimekaa mbele ya pundamilia mpaka watu wakadhani ni ndugu yangu. Nilikuwa najua ana mistari, nani asiyejua. Sikujua kwamba mistari ya mgongoni inateremka na ya miguuni inalala. Ndiyo maana wa kwangu alionekana kama godoro! Nimechora palepale, daftari kwenye paja. Swala naye nimemchora. Twiga hayupo. Tembo hayupo. Mlinzi wa pale kaniambia niwafuate kwao.

Tulikaa kwenye mawe kula. Truphosa kaweka andazi lake pembeni, kageuka kuninong'oneza kuhusu viatu vya mlinzi, pimbi akatoka kwenye ufa wa jiwe – akachukua! Si kukimbia, hapana. Kasogea hatua chache, kakaa, anakula huku anamwangalia mwenye andazi. Mnene, hana mkia, macho kama mzee wa kanisa. Truphosa kamtukana kwa Kijaluo. Hakujali.

Hawa tunao mpaka kwenye mawe ya nyuma ya nyumba yetu. Sijawahi kufikiri kuwa ni wanyama pori. Ni majirani tu.

Nimemchora na yeye.

Alhamisi, 13 Julai

Nimeanza. Halafu nimefumua. Nimeanza tena.

Kazi hii ina nyuzi mbili mkononi kwa wakati mmoja. Mmoja unafuma, mwingine unapita nyuma ukingoja zamu yake. Mimi, kwa mazoea ya masweta ya shule, nakaza. Ukikaza uzi wa nyuma, mbele kunajikunja. Nyumbu wangu wote wamesinyaa kama wana njaa. Kundi zima! Nilikuwa nimefika magotini kwao.

Nimefumua nikiimba. Ajabu. Sweta la shule nikikosea nanuna kutwa.

Siri nimeipata jioni: nifume polepole, nivitandaze vitanzi kwenye sindano kwa kidole kila baada ya vichache, uzi wa nyuma uachwe ulegee, upumue. Mstari ukalala laini kama mgongo wa samaki. Nimempigia Selina kelele aje aone. Kaja mbio kadhani nimeungua.

Jumapili, 16 Julai

Chenge karudi. Nilisikia breki za lori kabla ya kusikia hodi. Nikajikuta naficha sindano, kisha nazitoa, kisha nahamisha kiti. Mjinga gani mimi.

Kaleta vitunguu vya Karatu kwenye kikapu. Nimempikia sato na ugali. Amekula kwa adabu, kisha nikamwambia, haya, nieleze twiga.

Mtu huyu anasimulia! Anasimama, anaonyesha. Twiga, anasema, anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya anayepita kwenye matope. Simba hafanyi kazi yoyote, analala kama mwenye nyumba za kupangisha. Tembo masikio yake yanapepea taratibu, na ukimkuta barabarani unazima injini unangoja, kwa sababu barabara ni yake, wewe umeazimwa. Aliwahi kungoja mpaka chai yake ya chupa ikaisha. Selina, ambaye alikuwa amekaa kona akijifanya anasoma, kamuuliza kama aliogopa. "Mwanangu, niliimba nyimbo zote za kanisani ninazozijua."

Nikalazimika kumpima kifua. Sweta lake la zamani limevutika, halifai kwa vipimo. Futikamba nimeizungusha mgongoni kwake, mikono yangu ikakutana mbele. Hakupumua. Mimi pia sikupumua. Basi kipimo chenyewe sijui kama ni sahihi!

Selina alikuwa amegeuza ukurasa wa kitabu, kumbe kitabu kiko kichwa chini.

Jumatano, 19 Julai

Simba amekamilika, na ni mzuri. Njano ya lile sweta la kike nimeiweka kwenye manyoya ya shingo, anang'aa. Chini yake nikamfumia nyasi za kijani kibichi.

Truphosa kapita, kaegemea dirisha. "Hongera mheshimiwa. Umechukua fomu ya ubunge?"

Sikuelewa. Akanyoosha kidole. Kijani na njano, rangi za chama tawala! Mwaka huu wa vyama vingi mtu hawezi kuvaa hata skafu bila kuulizwa yuko upande gani. Nikamfikiria Chenge amesimama kwenye kizuizi barabarani na kifua chake chote kampeni. Tumecheka mpaka machozi.

Nyasi nimezifumua. Nimeweka kahawia. Na kweli, Julai hii nyasi gani ziko kijani? Hata hapa uwanjani zimekauka.

Truphosa hakuondoka mara moja. Aliligusa lile sweta kwa mgongo wa mkono, taratibu, asilichafue. Akasema kiwandani tulikuwa tunatengeneza mita na mita za kitambaa na hakuna hata kimoja alichokitamani. Hili angelitamani.

Jumamosi, 22 Julai

Shemeji Nkwabi kaja kutoka Buswelu. Na baiskeli, jua kali, suruali imefungwa kamba miguuni. Nimemwamkia, kaitikia, kakaa, kanywa maji. "Habali za hapa." Nzuri. Akayazungukia mambo – mihogo, ng'ombe, mvua – mimi nikangoja.

Kumbe watu wamemwambia lori linasimama hapa.

Hakupaza sauti. Bora angepaza. Alisema Mhoja alikuwa mdogo wake, walilala ngozi moja. Alisema nyumba hii Mhoja aliijenga kwa ng'ombe wa baba yao, na mwanaume mwingine hawezi kutundika kofia yake kwenye msumari wa Mhoja. Kama nina neno, kuna kikao Jumapili ijayo, niende nikaliseme mbele ya ndugu.

Nikamwambia ni mteja, nafuma sweta tu.

Akalitazama pale kitini. Simba, swala, pundamilia. Mtu yeyote angeona kwamba hilo si sweta tu.

Nimemsindikiza mpaka barabarani. Nimerudi nimefuma tembo mzima. Sijala.

Jumatatu, 24 Julai

Selina haongei na mimi tangu juzi. Anajibu, lakini haongei. Anaosha vyombo kwa kelele.

Jioni nikamfuata jikoni nikamwambia, sema. Akasema hapana neno. Nikasema sema, mwanangu. Akafuta mikono.

"Mama, ulikuwa unaimba."

Lini?

"Ulipofumua. Toka baba afe hujaimba ndani ya nyumba hii. Kanisani unaimba, hapa hapana. Sasa umeimba kwa sababu ya mtu wa vitunguu." Machozi yakamtoka. Akasema amefurahi na amekasirika, na hajui aanze na lipi.

Nimemkumbatia na mikono yake ya sabuni. Nikamwambia na mimi ni hivyo hivyo. Baba yake nilimpenda, na bado namkumbuka, hasa asubuhi. Hilo halijafumuliwa. Akasema baba alikuwa havai kitu chenye rangi mbili. Kweli! Shati jeupe au shati la kaki, basi. Mara tukaanza kusimulia habari za Mhoja – alivyokuwa anachapa miguu kwenye zege kabla ya kuingia ndani, alivyogombana na redio. Mpaka maharage yakaungua. Tumekula maharage ya kuungua, matamu.

Kabla ya kulala Selina kaja na taa karibu na sweta, akamgeuza tembo huku na huku.

"Huyu si sufuria tena," kasema.

Jumatano, 26 Julai

Limekwisha! Leo asubuhi nimeshona mikono, nimefunga ncha zote kwa nyuma, nimelilowesha na kulinyoosha juu ya taulo. Kifuani tembo wawili, uso kwa uso. Juu yao simba na nyasi zake za kahawia. Mgongoni twiga, mrefu, kichwa karibu na kola. Nyumbu wanazunguka mwili wote kama mkanda, na mikononi pundamilia na swala. Na chini kabisa kiunoni, ubavuni, ambapo mtu hataangalia – pimbi mmoja na andazi lake.

Chenge kaja saa kumi. Kalivaa. Kainamisha kichwa kujitazama.

Mimi nikaanza kuomba msamaha. Twiga shingo imezidi, nikasema, na kwapa la kushoto naweza kulirekebisha. Yeye alikuwa anapitisha kidole. "Huyu wa Ndabaka," anasema. "Hawa wa mto Grumeti. Huyu simba namjua, ana dharau." Mnyama mmoja mmoja, mahali pamoja pamoja. Halafu kidole kikafika kiunoni.

"Na huyu?"

Huyo wa hapa Pasiansi, nikamwambia. Ili usiwe na wa huko tu.

Alicheka mpaka akakohoa. Alicheka akiwa amelishika lile sweta kwa mikono miwili kama litamtoroka. Kisha akaacha kucheka. Akasema hataki kupita mlango wa nyuma. Anataka kuja na wazee wake kutoka Magu, akae mbele ya ndugu za Mhoja, aseme kwa mdomo wake. Ila kwanza anataka kujua kama nitafurahi akifanya hivyo.

Nimesema Jumapili kuna kikao. Hilo ndilo jibu nililotoa! Jibu la karani. Yeye kaitika tu, kafungua mlango, katoka nje kwenye jua la saa kumi na sweta lake la sufu, na watoto wa mtaa wakamkimbilia. Nimesikia wakipiga kelele: Twiga! Tembo! Hawajampata pimbi.

Jumapili, 30 Julai

Buswelu. Naandika haraka kabla sijasahau maneno.

Nilikwenda na Selina. Kitenge changu kizuri. Tulikaa chini ya paa la nje, shemeji Nkwabi kwenye kiti cha kukunja, ndugu wengine kwenye benchi, na wifi Ng'washi, dada yao mkubwa, kwenye mkeka na miguu imenyooshwa. Wifi sasa haoni vizuri. Ila masikio!

Nkwabi akaanza. Lori, majirani, heshima ya marehemu, nyumba. Alisema vizuri, sikatai. Nikapewa nafasi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yakapotea. Nikasema tu: huyu mtu ameniambia anataka kuja kwenu kwa mlango wa mbele. Mimi nimekuja kuwaambia kwamba nitafurahi akija.

Nimesema! Mbele ya watu wote, na yeye mwenyewe sijamwambia.

Kuku wakapita katikati yetu wakidonoa.

Nkwabi akauliza: "Ana ng'ombe?"

Ana lori.

"La kwake?"

La tajiri yake.

"Kwa hiyo hana ng'ombe na hana lori." Mtu mmoja kwenye benchi akacheka akajifanya anakohoa.

Wifi Ng'washi ndipo akauliza, kwa Kisukuma, kama ni kweli nimemfumia mtu nguo yenye tembo. Kumbe habari imefika! Nikasema kweli. Akauliza tembo wanatazama wapi. Nikasema wanatazamana. Akaitika "mmh" ndefu. Kisha akasema yeye alipofiwa na mume alikuwa na umri mdogo kuliko mimi, na walikaa kikao kama hiki, na wakasema hapana, na akatii. Hakuna aliyemshukuru. Akamgeukia Nkwabi, ingawa alikosea kidogo akawa anautazama mlango. Akasema nyumba ya Mhoja ni ya Selina, mtoto wa Mhoja, na anayeitaka akamwombe Selina. Na mimi si msumari wa kutundikiwa kofia ya mtu.

Nkwabi kajikuna goti. Nilimwona – alikuwa na uchungu, si ubaya. Mdogo wake alikufa mikononi mwake. Nilitaka kumshika mkono, lakini si desturi.

Mwisho kasema huyo dereva aje na watu wake. Watakaa, watasikiliza. Jibu atalitoa akishamwona mtu mwenyewe. Hajakubali. Ila hajakataa! Na wakati tunaondoka, kaninong'oneza kama naweza kufuma ng'ombe.

Nimemwambia shemeji, nitajaribu.

Jumanne, 1 Agosti

Chenge kapita asubuhi. Nikamwambia habari za Buswelu, zote isipokuwa lile neno moja nililolisema mbele ya watu, kwamba nitafurahi. Sijui kwa nini mdomo unakataa. Yeye kasema atakwenda Magu kuongea na wazee akirudi safari hii. Kisha kasema anaondoka Ijumaa, kabini ina nafasi, na je, nisingependa kuwaona wenyewe? Mpaka Karatu tu. Kule anakaa dada yake, tutalala kwake, na gari la Jumatatu linarudi Mwanza.

Mimi nikasema haiwezekani, watu wataongea.

"Na mimi nakwenda," Selina kasema kutoka ndani. "Nina likizo."

Hakuna aliyemwalika. Chenge kafurahi mpaka kofia ikamdondoka.

Ijumaa, 4 Agosti

Lango la Ndabaka. Naandika kwenye goti, ndani ya kabini, herufi zinakwenda ovyo. Chenge yuko ofisini kwa askari wa hifadhi na karatasi zake.

Tumetoka Mwanza alfajiri. Truphosa kaja kutuaga na kanga kichwani, kaniwekea mkononi chupa ya chai na soksi za sufu za mitumba. Kasema kule baridi haina adabu. Magu tumeipita jua linachomoza, Chenge kapiga honi mbele ya nyumba fulani ila hakusema ya nani. Njia nzima Selina alikaa katikati, kati yangu na Chenge, magoti yamebanana na gia. Hajasema kwa nini. Hatukumuuliza.

Jua la hapa si la mchezo, na yule mtu amevaa sweta! Jasho linamtiririka. Nimemwambia avue mpaka tufike kwenye baridi. Kasema askari wa getini lazima waone. Na wameona – nawasikia kutoka hapa. Mmoja anamzungusha, mwingine anabishana kuhusu pembe za swala. Sasa wamemfikia nyumbu, wanahesabu. Mimi nimejiinamia, kicheko kinataka kuniua.

Halafu Selina kanigusa.

Ng'ambo ya lango, mahali uwanda unapoanza. Nilidhani ni vichaka. Vichaka vikatembea. Nyumbu! Si wawili, si kumi, weusi weusi mpaka mbali, wanatembea kwa mstari mmoja kama watoto wanaotoka shule, na vumbi juu yao. Pundamilia wamechanganyika humo. Na nyuma yao, peke yake, juu ya miti ya miiba – kichwa. Kichwa tu kwanza. Kisha shingo. Kisha akatoka mzima, akasimama, akatutazama.

Kweli anatembea kama ana viatu vipya.

Wangu nimemkosea. Shingo haikuzidi, niliifanya fupi! Na ngozi yake si madoa, ni kama udongo wa ziwa uliokauka ukapasuka. Nitafuma tena. Nitafuma mpaka nimpate. Nimelia kidogo, sijui ni vumbi. Selina aliteremka akasimama kando ya lori, mkono kwenye paji la uso, akaangalia mpaka yule twiga akazama tena mitini.

Chenge anarudi. Naona wale tembo wake wawili kifuani wanakuja wakiruka kwa mwendo wake. Askari wamefungua kizuizi.

Selina kapanda, lakini hakuingia. Kasimama kwenye ngazi ya lori upande wangu.

"Mama, sogea."

Nisogee wapi? Nafasi yako iko hapo katikati.

"Mimi nataka dirisha."

Nikamtazama. Kakaza uso, anatazama mbele kama nesi anayesubiri mgonjwa anyanyue mkono. Basi nimesogea. Magoti yangu sasa yamebanana na gia, kikapu cha nyuzi kifuani, na Selina kaufunga mlango kwa nguvu.

Chenge kapanda upande wake. Kaniona nilipo. Kamwona Selina dirishani. Akajaribu kuwasha injini mara mbili, mara ya kwanza alisahau ufunguo.

Tunaondoka. Barabara mbovu, kalamu inaruka. Bega langu limegusana na sweta, la moto kweli, sufu ya Ulaya nzuri. Natazama mbele. Lile neno la Buswelu nitamwambia kabla ya Grumeti. Chenge ananiuliza kama nimekaa vizuri. Nimemwambia nimefurahi.